Kalamu Uliyoichomeka Kwenye Kilemba

Wifi yangu mpendwa,

Mwandiko huu uuvumilie, naandika mbiombio kwa furaha. Nikuambie sasa au mwishoni? Mwishoni. Ulipokuwa hapa kijijini Mamba ulinitania kwamba sijui kutunza siri, leo utanikoma.

Unalikumbuka lori la mpunga la kwenda Mpanda? Nilikuwa wiki ya tatu natokwa damu bila kukatika, na miezi iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo. Ulinifunga kitenge chako cheusi juu ya changu, ukanikalisha kwenye gunia. Tuliposhuka ukaliangalia lile gunia, ukamwambia dereva ni mawese yamemwagika. Mwongo wee!

Wodini, pale hospitali ya Mpanda, wakasema nina uvimbe, dawa yake ni kutoa kizazi, nisaini. Kaka yako alikuwa nje kwenye benchi, kizunguzungu kimemshika baada ya kunichangia damu. Miaka mitano ya ndoa, mtoto hata mmoja. Niliogopa kufa, wifi, nikaogopa na kupona nikiwa sina kizazi. Nikaishika kalamu kwa sababu nilichoka tu. Ukanipokonya, ukaichomeka kwenye kilemba chako, ukasema hatusaini kitu mpaka mtu atueleze huo uvimbe umekaa wapi.

Nesi alinuna. Lakini yule daktari mwanamke, mgeni wa wiki ile, alikusikia, akaja kunipima upya taratibu na taa yake. Akatueleza kwamba uvimbe umeota ndani ya kizazi, umeshuka hadi mlangoni, unaning'inia kwa kikonyo. Hukumwacha amalize.

"Sasa daktari, kama una kikonyo, si ukate kikonyo?"

Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Akasema ndicho atakachofanya. Kesho yake nikachomwa sindano ya usingizi, akaufikia uvimbe kwa njia ya chini, akafunga kikonyo kwa uzi, akakata. Tumbo langu halikuguswa na wembe. Baada ya siku chache nilitembea kwa miguu yangu hadi mtaa wa Makanyagio kula wali, na kaka yako akaanza kuniita ndugu yake wa damu. Mpaka leo hakomi.

Siku zangu zikarudi kuwa nne. Nne tu, wifi!

Tangu uolewe Ikola ukazama kwenye dagaa zako, huku hakuna wa kunipokonya kitu. Nimekukumbuka mpaka nanuna peke yangu. Sijawahi kukushukuru kwa mdomo, niliona aibu. Asante, wifi. Siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakata tamaa.

Haya, siri. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa kuitamka. Kitenge chako usikidai, sikirudishi. Nimekifua, nimekianika, na leo mkunga wa kliniki kanipima akasema mwezi ujao nitakihitaji kwa mbeleko.

Ni mimi wifi yako,
yule wa kwenye gunia