Kuku wa Mama Ndani ya Katoni ya Laptop

Jumanne, 10 Machi

Laptop imezima tena. Nilikuwa katikati ya sauti ya mzee mmoja anayeeleza walivyokuwa wakitega samaki mtoni zamani. Kazi yangu ndiyo hiyo: natumiwa sauti za watu, nazigeuza maandishi. Mzee amefika penye utamu, kioo kikawa cheusi. Nikabaki naangalia uso wangu mwenyewe humo ndani. Mvua ya mtaa wetu wa Manyatta inapiga mabati. Kwa muda sikujua kama ni mashine iliyozima au ni mimi.

Laptop mpya kabisa. Niliiagiza mtandaoni, ikafika Jumamosi. Tayari nimeichukia.

Jumatano, 11 Machi

Nimewapigia wauzaji. Binti mwenye sauti tamu. Amesema niirudishe kwa ofisi yao ya hapa mjini kabla hawajafunga Jumamosi, watanipa nyingine. Lakini iwe ndani ya katoni yake. Bila katoni, nisahau.

Katoni sina. Mama alikuja Jumapili kuiona laptop, akaiwekea mkono, akaiombea. Wakati wa kurudi kijijini Asembo akauliza kama kweli natupa katoni nzuri hivyo. Nikamwambia chukua. Mimi huyo, mkarimu wa vitu vya kutupwa.

Kazi yenyewe nimepewa kwa majaribio. Nikikosa mashine wanampa mwingine, narudi Kondele kuuza nguo za watoto juani. Sitaki. Naogopa.

Alhamisi, 12 Machi

Mchana nimesinzia. Ndoto: natembea ziwani juu ya magugu, na chini ya magugu kuna watu wanaongea. Nasikia kila neno. Sina pa kuandika.

Jioni ndipo mama aliposhika simu. Nimeuliza habari ya katoni. Akasema: "Nyathina, mwanangu, kuna kuku ndani."

Amelalia mayai. Na ndiye kuku pekee aliyebaki. Ugonjwa wa kideri ulifagia wengine wote baada ya Krismasi, boma likanyamaza. Mama anamtegemea huyu mmoja kuanza upya. Na kwetu kuku akishalalia hahamishwi, hata mtoto anajua. Ukimhamisha anasusa, mayai yanapoa, basi.

Mama amesema nije tu.

Ijumaa, 13 Machi

Asembo. Ziwa la kijivu, halina ng'ambo leo. Katoni iko jikoni nyuma ya mlango, picha ya laptop ubavuni, kuku juu ya nyasi kavu amefumba macho nusu. Nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kuna joto pale, na harufu ya moshi. Nusura nilale. Nilitamani kusema wacha tu, laptop ioze. Sikusema.

Tumekula omena, wale dagaa wa ziwani, tumewasengenya majirani. Giza lilipoanza kuingia mama akachukua beseni, akatandika nyasi, akahamisha mayai moja moja, kila moja akiligusisha shavuni kwanza. Kisha kuku. Kuku haoni gizani, akasema, pengine hatajua. Mimi nilimulika ukuta kwa simu, mwanga usimpige kuku.

Jumamosi, 14 Machi

Amejua. Asubuhi tumemkuta nyuma ya mlango, pale pale katoni ilipokuwa, amelalia udongo mtupu. Mayai kwenye beseni yamepoa.

Nimelia kama mjinga. Mama akaniambia niache hayo, nitachelewa. "Nenda na kazi yako, Atieno. Kuku nitaongea naye mimi." Akapangusa katoni kwa leso aliyokuwa amejifunga, akatoa manyoya kwenye pembe, akanipa bila kuniangalia.

Nimefika mjini wakikaribia kufunga. Jamaa wa kaunta ameshika laptop, amesoma namba chini yake, akasema mpya nitapata Jumanne. Nikamsukumia katoni. Hakuitazama. Nikamuuliza, si mlisema lazima? Akasema si lazima, wengi huja bila, naweza kwenda nayo.

Nimesimama kando ya barabara na katoni tupu inayonuka kuku. Nilitaka kupiga mtu. Nani, sijui.

Alhamisi, 19 Machi

Laptop mpya haizimi. Nachapa vizuri mpaka naona aibu. Wale wa kazi wamefurahi, wamesema niendelee.

Mama anapiga, anauliza laptop tu, kama anauliza mgonjwa. Siku ile nikiondoka nilimwona akiyarudisha mayai chini ya kuku, palepale sakafuni. Zaidi ya hapo siulizi. Habari ya kaunta sijamwambia. Sitamwambia kamwe.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Sikuenda kanisani. Nimeota tena watu wa chini ya magugu. Safari hii walinyamaza.

Jumatatu, 30 Machi

Mama amepiga mchana. Nimesimamisha kazi. Hakunisalimia. Nimesikia ndara zake, mlango wa jikoni, kisha simu ikawekwa chini bila kukatwa.

Vifaranga. Wachache, nadhani. Watatu, labda wanne, wanalia kwa sauti nyembamba, na mama yao ananung'unika juu yao.

Sikuuliza ni wangapi. Nimesikiliza mpaka salio la mama likaisha.