Nyuzi Mbili Nyeusi Kwenye Kitako cha Kiondo

Mumbuni, Machakos

Mjukuu wangu Mwende,

Mimi susu yako, bibi yako, ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mvua imetukumbuka mwaka huu, na mamako amevuna ndengu za kutosha. Tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kama kweli Isaka aliyebeba kuni mlimani ni picha ya Yesu na msalaba, ama ni sisi watu wa kanisa tumejiunganishia hadithi.

Nilipokuwa msichana, mama yangu aliniachia kiondo alichokuwa ameanza kukisuka, nikiendeleze yeye akiwa shambani. Kwenye kitako niliona nyuzi mbili nyeusi zinaning'inia bila kazi. Nikadhani amezisahau, nikazikata. Siku tatu baadaye alikichukua ili atie maua meusi ubavuni, akazitafuta nyuzi zake. Hakunikaripia. Alifumua kazi yangu yote mpaka kitako, akaniambia, "Maua huanzia huku chini, mwanangu, kabla hayajaonekana."

Sidhani Isaka alijua. Yeye alihisi uzito wa kuni tu. Sisi tulioshauona msalaba ndio tunaorudisha macho chini na kuona uzi ulianzia wapi. Kuna wahubiri wanaoona picha kwenye kila ukurasa, na hao siwafuati. Lakini uzi huu siukati.

Kiondo hicho mama alinipa nilipoolewa, nami sijaacha kumshukuru. Sasa nakutumia wewe. Yatazame maua yake vizuri, kisha uchungulie ndani, kwenye kitako.

Ni mimi susu yako,
Kalekye