Nimeinyamazisha Kompyuta, Sasa Mama Mkwe Anataka Kuondoka

Mshauri wetu Dada Angela, kama umenizidi umri shikamoo, na kama hujanizidi pokea salamu zangu. Naomba msaada wako maana tangu wiki iliyopita nyumba yangu haina amani.

Mimi ni fundi redio wa hapa Misunkumilo, Mpanda, Msukuma, nina mke wangu Christina na mtoto wetu Malale, na tangu mwaka huu wa 1999 uanze nimekuwa naunda kompyuta ndogo ya kuonyeshea sinema za sidii sebuleni, inaunganishwa na televisheni, na kila kifaa nimekichagua mwenyewe kutoka kwenye kompyuta kuukuu nilizozipata Tabora, ila feni zake zilikuwa zinaunguruma kama mashine ya kusaga, hata maneno ya sinema hayasikiki, na mimi kelele siiwezi kabisa.

Sasa mama mkwe wangu aliletwa kwetu kutoka Sibwesa na kifua kikuu, anameza dawa za hospitali, analala chumba cha nyuma ambacho mlango wake unatokea sebuleni, na wewe unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hivyo tukawa tunaishi kwa masikio, mimi nikisikia kikohozi chake kinasogea mlangoni natoka nje upesi, na yeye akisikia feni zinaunguruma anajua nipo, anasubiri mpaka Christina anitoe, na hakuna aliyepanga hivyo, nimekuja kuelewa baada ya mambo kuharibika.

Basi nikaing'oa feni ya prosesa nikafunga mahali pake bati nene la alumini la kupoza joto kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, diski nikaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili isitetemeshe boksi, feni ya saplai, kile kiboksi cha kuingizia umeme, nikaipunguzia nguvu ikazunguka polepole, na jioni nilipowasha, Dada Angela, ilikuwa kimya kabisa, sauti ya televisheni sijaifungua, nimekaa tu nasikiliza kile kimya kwa furaha, ndipo mlango ukafunguka na mama mkwe akatoka na kanga moja kifuani na ndoo mkononi anakwenda kuoga, na kikohozi hana tena kwa sababu dawa zimeanza kumsaidia, tukatazamana. Aliangusha ndoo akarudi ndani amejifunika uso.

Tangu siku hiyo mama mkwe hali chakula mpaka nimekwenda kazini, na amemtuma Christina aniambie, "Mwambie mwenye nyumba mimi nimepona, njia ikikauka naenda kwangu." Anangoja mvua zipungue tu apande lori. Christina naye ananiambia, "Baba Malale, nyie mafundi mna akili za ajabu. Umeua kelele, sasa unamuua mama."

Silali. Naomba unishauri, nirudishe feni ya zamani ambayo inaharibu sinema, au nitafute aina nyingine ndogo niliyoisikia Tabora, inayosikika kidogo tu? Ipi itamtosha mama mkwe?

Fundi N., Misunkumilo

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nimeisoma barua yako nikitafuta ulichoandika juu ya dawa za mama, nikakuta maneno machache tu. Bati la alumini limepata nafasi kubwa kuliko ugonjwa wake.

Aibu iliyokupata ni ya kweli na sikucheki. Kumheshimu mkwe si ushamba, na anayekwambia zama hizo zimepita hajui anachopoteza. Lakini jioni ile hakuna aliyetenda kosa. Yeye alinyamaza kwa sababu anapona, wewe ulinyamaza kwa sababu ya ufundi wako, mkakutana. Ni ajali.

Kinachonitia hofu mimi ni hilo neno "nimepona". Hajapona. Kikohozi kimekwisha, ugonjwa haujaisha. Akiacha dawa katikati utamrudia kwa nguvu, na zile za mwanzo huenda zisimfae tena, na huko Sibwesa atalala na wajukuu chumba kimoja. Anadhani anaikimbia aibu, kumbe anakimbilia kaburi, na wewe umekaa unapima feni ipi inaunguruma vizuri.

Usinunue feni yoyote. Unatafuta chombo cha kukukoholea, koo lako lina kazi gani? Mwanaume mwenye adabu akifika kwake anakohoa tangu uani, au anaita jina la mtoto kwa sauti. Anza leo, hata kama unajua hayupo mtu.

Kisha chukua sururu. Wewe uliyeweza kufikiria tyubu ya baiskeli kwa ajili ya diski, hukuona kwamba chumba cha mgonjwa hakina mlango wa nje? Toboa ukuta wa nyuma, weka mlango unaotokea uani, na juu yake acha dirisha pana, mtu wa kifua anahitaji hewa. Wakati unatoboa yeye akae kwa jirani. Mpaka mlango uwe tayari, hiyo kompyuta ipeleke kwenye kibanda chako cha kazi, na chakula chako kule kule.

Kuomba radhi usiende mwenyewe, na usithubutu kupaza sauti nyuma ya ukuta. Tafuta mama mtu mzima wa ukoo wenu aende akaseme, na kinachotolewa kwa desturi yenu yeye anakijua. Mwombe pia muuguzi anayempa dawa amweleze mama ana kwa ana dozi inaisha lini. Mgonjwa huwasikia wauguzi kuliko binti yake.

Wewe kazi yako iliyobaki ni ndogo. Mlango ukikamilika, mpe Christina maneno haya ayafikishe kama yalivyo: "Mama, mkweo hatakuona tena, lakini anataka uishi."