Kibonge wa Kwenye Picha

Nabangala, kaa chini kwanza. Vera wetu ndiyo ametoka Ntinda kwa mamake Bonny, mchumba wake.

Unakumbuka Bonny alipomwita kibonge, akasusia chapati kwa hasira? Matango na maji ya ndimu tangu Pasaka, eti mama mkwe amkute mwembamba. Hongera zake!

Ameingia, amepiga magoti, amesalimu. Mama akamtazama juu chini, akamgeukia mwanawe:

"Bonny, ile kibonge ya kwa picha iko wapi?"

Iko wapi! Na Vera amepiga magoti pale pale!

"Ndiye huyu, mama."

"Huyu? Umempeleka hospitali ya Mulago?"

Kumbe kwa akina Bonny kibonge ni sifa, mtu aliyekula akashiba akang'aa. Jamaa alikuwa anambembeleza, na hakusema, bwege yule!

Sasa posa imeahirishwa mpaka mashavu yarudi. Mama hataki kwao Vera waseme anamnyima mtoto wao chakula.

Yuko hapa kitandani kwangu, chapati mkononi, analia. Na hata haililii posa. Analilia gauni la posa, maana fundi ameshalibana, na ni yeye mwenyewe aliyesimama pale akimwambia, "Bana tena. Bana tena."