Ringi ya Batsinda

Batsinda, Kigali
9 Juni 2024

Kaka Gasana,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Trinah huko Mwanza. Je, kifua cha mtoto kimepoa? Mama ni mzima, na anamwombea kila Jumapili. Mimi mwili hauna neno, mengine utayasoma.

Jumamosi nilikwenda kwenye majaribio ya timu ya kikapu, kama ulivyonisihi. Kazi ya kushona nilikuwa nimeshaiacha, nawe ulinipigia simu kunipongeza. Kocha Norman alikuwa ameiona video yangu, ile ninayoruka na kuusokomeza mpira kwenye ringi ya mtaani kwetu, mimi mfupi kuliko wote. Aliwasimamisha wachezaji wake watazame.

Niliruka. Mpira uligonga chuma ukanirudia usoni. Nikaruka tena na tena, mpaka mmoja akasema niletewe ngazi. Kocha hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Sasa ile danki ya kwenye video iko wapi, mdogo wangu?" Nafasi akapewa mwingine.

Niliporudi nikapima ringi yetu. Iko chini kwa shubiri nzima. Jirani yetu mama Pudentienne alishangaa kwamba sikujua. Alinikumbusha umuganda ule, kazi ya pamoja ya mtaa, wa kuinua uwanja, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yakituama: mtaa mzima tulimwaga kifusi, tukasakafia juu yake, nguzo zikabaki zilezile. Kifusi hicho nilikibeba kichwani mwenyewe, nisifikiri.

Kisha akaniambia lililobaki. Wewe, msimamizi wa kazi ile, uligundua wiki hiyohiyo kwamba ringi imekuwa chini. Fundi alitaka kuipandisha ringi, ukamkataza. Ulisema, "Mwacheni aruke. Tangu baba afariki hajacheka."

Naamini ulinionea huruma. Lakini siku niliyokuambia naacha cherehani ulikuwa bado unajua, na ulinipongeza.

Kuna jambo hukuambiwa. Kwenye majaribio, mikono mitupu, niliigusa ringi ya kimo halali. Kocha alisema kwa mtu wa urefu wangu hilo ni ajabu. Ningerudi nyumbani nikitamba kwa kugusa tu, kaka, kama ungeniachia ringi ya kweli.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Wewe usinipigie simu kwa sasa. Nikiweza kuongea nawe bila hasira, nitapiga mimi.

Mdogo wako,
Kenny