Akiba ya Vidole Vitatu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Cherehani yangu imepona, nimeibadilishia mkanda. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani, na wazazi, kama kawaida yao, wote wanazitaka kesho. Kila sketi naiachia kitambaa cha akiba, vidole vitatu kila ubavu, kama ulivyonifundisha, maana mtoto hakai vilevile.

Naomba unitafutie ile kadi ya hospitali, ya nilipozibwa tundu la moyo kwa kiraka nikiwa na miaka minne. Uliifungia sandukuni siku ya sherehe, mliponibandika jina la Kiraka, ukasema, "Amepona, hospitali basi!" Wote tukashangilia. Miaka ishirini na sita sikurudi hata kupimwa.

Sasa ngazi za dukani zinanishinda. Daktari amenipima, anasema kiraka bado imara, lakini vali ya moyo iliyo karibu nacho inavuja, na kumbe nilitakiwa kuonwa kila mwaka. Jumatatu ijayo wananipasua tena. Usianze kulia hapo, utalowesha barua. Wala usijilaumu. Mimi mwenyewe fundi, na sikujiuliza kiraka cha mtoto wa miaka minne kinamkaaje mtu mzima.

Mama usimwambie kwa simu. Nenda ukakae naye.

Nimeshajishonea gauni la vifungo mbele, la kutokea wodini. Nalo nimeliachia vidole vitatu kila ubavu, kwa sababu nitanenepa, na wewe ndiye utakayelifumua.

Mwanao,
Kiraka