Mlango Uliofunguka kwa Jina la Mama

Gatitu, Nyeri
Jumapili, 14 Julai

Kwa ndugu yangu mpendwa Ndungu,

Nakusalimu wewe, Mama Wakiuru na wote walio chini ya paa lako hapo Nanyuki. Sisi huku tu wazima, ukiondoa baridi ya Julai ambayo mwaka huu imekuja na hasira. Ukungu unashuka mpaka uani, na nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinaanza kunuka kabla ya kukauka. Mke wangu Warigia anasumbuliwa na magoti lakini kanisani anafika, na hapati shida ya kunikumbusha kwamba mimi sifiki. Nawe hali yako? Naomba usilichukue swali hili kama desturi ya kufungulia barua. Nauliza kwa dhati, na utaona sababu ukiendelea kusoma.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayekupigia simu karibu kila wiki. Nimeiweka ndani ya gunia la mbegu za viazi nilizokununulia Mweiga, na nikamwomba Karan, ambaye gari lake huleta bidhaa huko Nanyuki, akukabidhi gunia mkononi. Simu yako hukaa juu ya kaunta ya duka, na kila anayekuja kununua misumari huiona ikiwaka. Mwaka huu nimejifunza mengi kuhusu maneno yanayosomwa na watu wasioandikiwa. Tafadhali ikunje kwanza, wahudumie wateja wako, kisha uisome ukiwa umekaa peke yako.

Unakumbuka ulivyocheka niliposema nimeanza masomo ya udukuzi. Uliwaambia watu wa hapo dukani kwamba kaka yako amefundisha hesabu maisha yake yote na sasa, baada ya kustaafu, anajifunza wizi. Sikukasirika. Mwalimu wetu ni Jinal, binti wa Alpesh wa duka la vitambaa mjini. Anafundishia katika chumba kilicho juu ya duka la baba yake. Wanafunzi wenzangu ni vijana ambao ningeweza kuwa nimewafundisha wazazi wao, na huniita Guka, yaani babu. Nikinyoosha kidole kuelekea kompyuta utasikia mmoja akisema, "Guka, usibonyeze hiyo, utazima Kenya yote." Nimewazoea, nao wamenizoea.

Niruhusu nikueleze kazi hii, maana bila hivyo hutaelewa ninachokuja kukwambia. Anayetengeneza kufuli lazima ajue jinsi kufuli zinavyovunjwa. Mwizi na mlinzi wa kompyuta wanajua mambo yale yale. Hakuna ujuzi wa mmoja ambao mwingine hana. Kinachowatenganisha ni vitu viwili tu: ruhusa kabla ya kuanza, na taarifa baada ya kumaliza. Jinal hutukaririsha kama watoto wa darasa la kwanza. Ukiingia bila ruhusa wewe ni mwizi, hata kama hukugusa kijiko. Na ukiona ufa kwenye nyumba ya mtu ukanyamaza, umemwibia pia, kwa sababu umejua jambo lake ambalo yeye hajui kwamba unalijua.

Mwezi wa Mei tulipewa kazi ya kweli. Kituo kimoja cha afya hapa mjini kilituomba tujaribu uimara wa mtandao wake, ule ambao wagonjwa huufungua kwa simu kusoma majibu ya vipimo. Meneja wao, Bwana Farid, alitupa ruhusa kwa sharti moja: tuguse tu akaunti za watu waliokubali wenyewe. Mimi nilikuwa na yangu, na nilihitaji nyingine moja. Ndipo nikakukumbuka wewe.

Unaijua siku ninayoisema. Kituo hicho kilikuja kwenye ukumbi wa kanisa kupima damu ya wanaume waliopita miaka hamsini, nawe ulikuwa umetutembelea. Tulipiga foleni pamoja na wazee wenzetu, kila mmoja akifanya mzaha ili asionekane anaogopa sindano. Baadaye majibu yangu yalikuja kwenye simu, hayana neno. Nilipokuuliza yako uliniambia uko sawa kama trekta mpya. Nikaamini, na nikasahau.

Basi nilikupigia nikaomba ruhusa ya kujaribu kuingia kwenye akaunti yako. Uliniambia, "Jaribu, Mwalimu. Hiyo password yangu hata mimi hunisumbua. Ukiingia nakuchinjia mbuzi." Nilikwambia kwamba nikiingia nitaishia ukurasa wa kwanza, nione jina lako tu, nitoke. Ulicheka sana.

Neno lako la siri sikuligusa, Ndungu. Lilikuwa gumu kweli. Lakini mtandao ule ulikuwa na njia ya pembeni kwa waliosahau neno lao: uliuliza jina la mama yako mzazi, na ukijibu sawasawa ulikuingiza moja kwa moja. Walioutengeneza ni watu wa mbali. Kwao jina la mama ni kitu cha ndani, kinachojulikana na wachache. Sisi huku tunafanya nini? Binti wa kwanza wa mwanamume anapewa jina la mama yake huyo mwanamume. Ukitaka kujua mama ya mtu aliitwaje, simama langoni kwake usikilize anavyomwita kifungua mimba wake wa kike. Na asipomwita, majirani watamwita mkewe Mama fulani siku nzima. Nilipolieleza jambo hilo darasani kijana mmoja alisema Guka amefungua nusu ya Nyeri bila hata kuwasha kompyuta. Walicheka, nami nikacheka. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Bila shaka mimi sikuhitaji kubahatisha. Mama yako ni mama yangu. Niliandika Wakiuru, na mlango ukafunguka.

Sasa nakuomba ukae, kama ulikuwa umesimama.

Niliahidi kuishia ukurasa wa kwanza, na niliishia hapo. Lakini ukurasa wa kwanza haukuwa na jina lako tu. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, ulisema kwamba kipimo chako cha tezi dume kimepita kiwango, kwamba umeitwa ukakatwe kinyama kidogo kikapimwe, na kwamba hukufika. Chini yake ulisema umeitwa tena, na hukufika tena. Niliyasoma yote kabla ya akili yangu kuuambia mkono ufunge. Niliposhuka ngazi za duka la Alpesh, sikukumbuka hata kuwaaga.

Kituo kilipata taarifa yangu wiki hiyo hiyo, na lile swali limeondolewa. Bwana Farid alinishika mkono kwa mikono miwili. Jinal aliniuliza, kama anavyomuuliza kila mwanafunzi, kama nimetoa taarifa kwa wote wanaohusika. Nikamjibu kwamba nimetoa. Huo ulikuwa uongo, maana mhusika mkubwa ulikuwa wewe, na kwako sikuwa nimesema neno. Nilikupigia simu mara nyingi tangu siku hiyo. Tumeongea habari za mvua, za bei ya simenti, za wale wanajeshi wa kigeni wanaokununulia rangi. Kila mara nilikuwa na sentensi mdomoni, na kila mara niliimeza. Ulipouliza kama niliingia, nilikwambia kazi bado inaendelea.

Nilimfikiria Baba. Unakumbuka alivyokuwa akitoka nje kila saa, akisema anaenda kuangalia ng'ombe? Tulimcheka kwamba anawapenda ng'ombe kuliko sisi. Alipokubali kupelekwa hospitali, daktari hakuwa na la kufanya ila kutuuliza kwa nini tumechelewa. Na Pasaka, tulipokutana Mweiga kusafisha kaburi la Mama, wewe ulitoka kila mara ukisema unaangalia gari. Nilikuona. Sikuunganisha mambo, mimi niliyefundisha watoto wa watu kuunganisha nukta.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonizuia kukwambia kwa simu. Pale chini ya ukurasa mtandao ule ulionyesha mara ya mwisho akaunti ilifunguliwa lini, na kwa njia gani. Ilikuwa imefunguliwa mwezi wa Februari, miezi mitatu kabla yangu, na haikufunguliwa kwa neno lako la siri. Ilifunguliwa kwa jina la Mama.

Kwa siku nyingi nilihofia ni mtu mbaya. Kisha nikamwuliza binti yako, bila kumlaumu, kama anajua lolote. Wakiuru wako aliniomba nisubiri, nikasikia akifunga mlango. Halafu akasema, "Baba mkubwa, niliandika jina langu tu." Alikuwa ameona karatasi ya kituo ndani ya koti lako ulipomtuma funguo. Alikuuliza kama unaumwa, ukamwambia ni karatasi ya kanisa. Ndipo akaingia. Ameyajua tangu Februari, akingoja useme mwenyewe, akikupikia uji na kukutazama ukitoka kwenda kuangalia gari. Yeye hajamwambia mama yake. Aliniomba nisikufiche kwamba ni yeye, kwa sababu amechoka.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyoishi mwaka huu, Ndungu. Wewe ulikuwa unatuficha sisi, mtoto anakuficha wewe, nami nawaficha wote wawili, sote tukisalimiana na kusema tu wazima. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini uliniruhusu. Labda uliamini kweli kwamba mzee hataweza. Labda ulikuwa unataka mtu aingie. Hilo unalijua wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba hatujachelewa. Kipimo kile ni cha mwezi wa Januari, na huu ni Julai. Sitaki kukudanganya kama Baba alivyotudanganya. Nimezungumza na Bwana Farid bila kutaja jina lako, naye anasema daktari wa kazi hiyo huja Jumatano. Jumanne nitapanda kuja Nanyuki. Sitakaa dukani, nitakusubiri nyumbani, na Jumatano tutateremka pamoja, wewe, mimi na Wakiuru. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie njiani, una nafasi ya kutosha. Mama Wakiuru mwambie mwenyewe kabla sijafika. Hilo siwezi kukufanyia.

Yule mbuzi uliyeniahidi nimempata kwa haki, lakini usimchinje. Mwache akue. Nataka umchinje wewe mwenyewe, kwa mkono wako, siku ambayo hatutakuwa na sababu ya kutazamana hivi.

Warigia anakusalimu, hajui nilichoandika, anadhani naeleza jinsi ya kupanda viazi. Nisalimie Mama Wakiuru, na mtoto mwambie hakufanya kosa. Gunia usiliache kwenye unyevu, mbegu zitaoza.

Ni mimi ndugu yako, mwana wa Wakiuru kama wewe,

Mathenge